Mti wa Shangazi, Kamera ya Mwingine

Picha ya kwanza ilikuwa ya miguu ya shangazi yangu. Alikuwa amevaa gambuti za marehemu babu, zenye matope, na mguu mmoja ulikuwa hewani ukitafuta pa kukanyaga kwenye tawi la mti wa miraa. Kamera ilikuwa chini kabisa, imetulia, haikukimbilia uso wake. Nilijua mara moja kwamba ni picha nzuri, na nikaichukia.

Rafiki yangu alikuwa ameketi kando yangu kitandani, katika chumba alichopanga mjini Embu. Kompyuta ilikuwa mapajani mwangu. Badala ya kuitazama filamu yake, alinitazama mimi.

"Sema kitu," akasema.

"Upepo umeingia sana kwenye sauti."

"Hiyo tu?"

"Ni mwingi, lakini."

Tulisoma pamoja chuo kikuu. Ni mimi niliyemwonyesha jinsi ya kufunga kamera kwenye stendi bila kubana kidole. Ni mimi pia niliyemsimulia habari za shangazi, tukiwa hosteli, tukipika indomi kwenye jiko la umeme ambalo hatukuruhusiwa kuwa nalo. Kwetu Tigania, upande wa Mikinduri, mwanamke hagusi mti wa miraa. Anaweza kupalilia chini yake, kufunga vitita kwa majani ya mgomba, na kuuza. Kuukwea na kuchuma ni kazi ya wanaume. Eti mti utakauka. Nilipokuwa mdogo niliuliza kwa nini haukauki anapoupalilia, nikaambiwa nina mdomo.

Babu alipofariki alikuwa tayari amempa shangazi, aliyerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa yake, kipande chenye miti ya zamani karibu na kijito. Hakuna aliyepinga. Ila vijana wa kuchuma waliacha tu kupita kwake. Miraa ikazeekea mtini, na shangazi akawa anapanda maharagwe chini ya mali yake mwenyewe.

Nilisema hiyo ndiyo itakuwa filamu yangu. Nilisema mara nyingi mno, pengine. Kila likizo nilifika kwake na kamera. Alinipa chai, akaniacha nirekodi kuku, moshi wa jikoni, na mikono yake ikichambua mboga. Nikigusia miti, alisema, "Zima hicho kitu kwanza, tuongee." Nikikizima, aliniuliza kama ninaenda kanisani. Siku moja nilimweleza kwa kirefu haki ya mwanamke kurithi.

"Katiba ninaijua," akasema. "Walikuja kutusomea pale kanisani, wakatupa soda."

Niliamini kwamba muda wake haujafika. Sasa nimekuwa mtu wa kupiga video za harusi na mazishi, na siku rafiki yangu alipokuja kunitembelea, nilikuwa na harusi Githongo. Nilimwacha kwa shangazi ili asikae peke yake. Baada ya hapo alirudi Mikinduri mara kadhaa. "Kumsalimia tu," aliniambia. Mimi ninayeshuku mahubiri, matangazo ya benki na semina za kupaza sauti za wanyonge, hilo nililimeza bila kutafuna.

Na sasa filamu ilikuwa tayari. Ingeonyeshwa wiki inayofuata katika ukumbi wa kanisa huko huko Mikinduri, kanisa ambalo baba yangu ni mzee wake.

Aliniita kwa sababu ya lugha. Yeye ni wa Embu. Akiwa chini, shangazi alizungumza naye Kiswahili, lakini alipofika juu ya mti alianza kuongea Kimeru cha kwetu, kwa kasi, akichuma, na rafiki yangu alishika nusu tu. Alitaka mtu wa kuandika yale maneno ya Kiswahili yanayopita chini ya picha.

"Nani mwingine ninaweza kumwamini?" akasema.

Afadhali angenitukana.

Nikaanza kuandika. Kila jambo nililoliona liliniuma kwa sababu lilikuwa lile ambalo ningelifanya, au baya zaidi, lile ambalo nisingeliwaza. Alikuwa amekiacha kimya kirefu mahali ambapo mimi ningeuliza swali. Kisha shangazi, akiwa juu, akiwa amebana majani kwapani, akasema maneno haya, nami nikayarudisha nyuma niyasikie tena:

"Ndugu yangu hakunikataza. Angenikataza ningemjibu. Aliwaambia vijana wa kuchuma wasikanyage kwangu, kisha Jumapili akanisalimia kwa mikono miwili."

Shangazi ana ndugu mmoja.

Nilikuwa nimewauliza watu maswali ya kila aina juu ya mila hiyo, ilianza wapi, inamfaidi nani. Nani hasa aliwaambia vijana waache kuja, sikuwahi kuuliza.

"Hapo amesema nini?" rafiki yangu akauliza. "Nimeshika ndugu, na Jumapili."

"Ngoja nimalizie."

Nilikuwa nimeshaandika: Wanaume walikataa kuja. Maneno mafupi, yanasomeka vizuri, wala si uongo. Nilitoka nje kwenye kamba za nguo, nikampigia shangazi simu.

"Umefika kwenye mti," akasema kabla sijasalimu.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungefanya nini?"

"Ningeiweka kwenye filamu."

"Halafu Krismasi ule kwa nani?" Nilisikia akifukuza kuku. "Huyu wa Embu, baba yako akimkasirikia, atapanda gari aende kwao. Wewe kwenu ni hapa, mwari."

"Kwa hiyo ulinionea huruma."

"Kidogo. Na kidogo nilikuogopa. Wewe ungeniuliza swali nikiwa juu, nianguke."

"Yeye aliuliza nini?"

"Hakuuliza. Alinishikia ngazi mpaka nikashika tawi, ndipo akaenda kwa kamera yake."

Hilo liliniuma kuliko picha zote. Nikamwuliza kama anajua ni mimi ninayeandika.

"Si ni mimi nilimwambia akupatie hiyo kazi? Ukitaka kuyaacha hayo maneno, yaache. Hata sitajua. Hayo maandishi yenu hukimbia kabla sijavaa miwani."

Akakata simu. Nilibaki kati ya shuka za majirani nikijaribu kuamini kwamba nilikingwa. Mtu anaweza kukunyima kitu na kukiita ulinzi, na wewe utoe shukrani. Ninaamini nusu. Nusu nyingine ni kwamba alimtaka yeye, na hata ule uaminifu niliosifiwa nao kitandani ulikuwa agizo la shangazi.

Niliporudi nilifuta yale maneno yangu mafupi, nikaandika yake yote, ndugu, vijana, Jumapili, mikono miwili. Hayakutosha kwenye mstari mmoja, ikabidi yapite mara mbili. Rafiki yangu akasoma polepole.

"Ndugu yake yupi? Ako na wangapi?"

"Mmoja."

Aliinua mkono kutaka kunishika bega, akaurudisha. "Nikiitoa sehemu hii, filamu bado inasimama," akasema. "Kweli, naweza kuitoa."

"Ukiitoa itakuwa filamu ya mama mmoja aliyekwea mti."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeandika alichosema."

Alifungua ukurasa wa mwisho, ule wa majina meupe juu ya weusi. Lake lilikuwa juu, peke yake, likiwa na nafasi kubwa pande zote. Nililitazama kwa muda. Wivu wangu haukuwa umepungua hata kidogo. Ulikuwa umekaa pale pale, kama mgeni asiyeona jua likizama.

"Jina lako niliweke wapi?" akauliza. "Watafsiri huwa chini, na herufi ndogo. Lakini kama unaona ni afadhali nisiliweke, nitaelewa. Hakuna atakayejua."

Baba yangu si mtu wa kutoka ukumbini mapema. Hata ibada ikiisha hubaki kitini mpaka viti vipangwe, na majina hayo yangemkuta hapo hapo.

"Liweke," nikasema. "Na herufi ziwe kubwa."

Alicheka, akidhani ninamtania kuhusu lake. Kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa.