Firdausi wa Kasulu, fundi anayezipa nyimbo tarehe isiyofutika

Saa mbili na nusu asubuhi soko la Kasulu limeshachangamka, lakini ndani ya kibanda cha Firdausi Gharibu kuta zimebandikwa trei za mayai hadi darini na kelele za nje zinafika kwa mbali tu. Firdausi amevaa hedifoni. Mbele ya maiki amesimama mwanamke wa makamo aliyetoka Munanila na gunia la tangawizi, ambalo ameliacha mlangoni.

“Kwanza jina lako na unakotoka, mama. Halafu ndiyo uimbe,” anamwambia.

Mwanamke anataja jina, anakohoa, anaanza. Ubeti wa pili mbuzi analia nje na kazi yote inarudiwa. Mara ya tatu wimbo unapita wote, na Firdausi anapiga makofi peke yake.

Mpaka hapo ni kazi ya kawaida ya vibanda vya nyimbo, ambavyo Kasulu na Kibondo viko vingi. Kinachofuata ndicho kilichomtoa mwandishi wa makala haya Kigoma mjini kuja kushuhudia kwa macho yake.

Firdausi anabonyeza kompyuta, na kwenye kioo unatokea mstari mmoja mrefu wa herufi na tarakimu usiosomeka kwa lugha yoyote. Mtandao wa intaneti umekatika tangu jana. Basi anachukua simu, anampigia binamu yake Dar es Salaam na kumsomea mstari huo kwa sauti: “Tatu, f, tisa, tisa, a, sifuri… sema ulichoandika. Hapana, nimesema b, b ya bakuli.”

Vijana wawili waliokuja kuingiza nyimbo kwenye simu zao wanatazamana. Mmoja ananong'ona kuwa dada anacheza bahati nasibu.

Hachezi. Anaupiga wimbo muhuri wa tarehe, na muhuri huo utawekwa mahali ambapo hakuna mtu duniani, awe tajiri au mkubwa wa serikali, anayeweza kuufuta.

Firdausi ana miaka 29. Baba yake ni muuza duka mjini hapa, mtu wa asili ya Pangani. Yeye aliishia kidato cha nne, akajifunza kompyuta kwa kukaa nyuma ya fundi mmoja wa Kibondo na kumtazama. Kibanda alikifungua mwaka 2012. Kuingiza wimbo mmoja kwenye simu ni shilingi mia, kurekodi ni elfu tano. Siku njema anaondoka na elfu kumi na mbili, na umeme ukikatika anaondoka na hasira.

Habari ya muhuri aliipata Idi ya mwaka 2013, binamu yake Saady, fundi simu wa Kariakoo, alipokuja kusalimia. Saady alikuwa haongei kingine ila bitikoini, ile sarafu ya kwenye mtandao isiyoshikika mkononi. Alikaa kwenye mkeka wa watu akiahidi kila mmoja utajiri.

“Mimi hela ya hewani sikuitaka,” anasema Firdausi. “Ila alisema neno moja likanishtua. Kwamba kila muamala unaandikwa kwenye kumbukumbu moja ndefu, na kumbukumbu hiyo iko kwenye maelfu ya kompyuta duniani kwa wakati mmoja. Kipande kipya kinafungwa kwenye cha zamani kama pingili za mnyororo. Ukitaka kubadilisha cha jana, uvunje vyote vilivyofuata, na wote wanakuona. Nikamuuliza, mnyororo huo unabeba hela tu? Hauwezi kunibebea wimbo?”

Saady hakujua. Alirudi Dar es Salaam, akauliza wenzake, na baada ya wiki alipiga simu akihema. Inawezekana. Wimbo wenyewe haubebeki, ni mkubwa mno, lakini alama yake inabebeka.

Alama ndiyo ule mstari. Programu ndogo inausoma wimbo wote na kuutolea alama yake pekee, kama mtu na dole gumba lake. Ukigusa wimbo hata kwa kukata kikohozi kimoja, alama inakuwa nyingine kabisa. Saady anaiambatanisha alama na muamala mdogo wa bitikoini, mnyororo unaimeza, na tangu saa hiyo tarehe haibadiliki.

“Muhuri hausemi nani katunga,” anasisitiza Firdausi, na hapa anainua kidole kama mwalimu. “Unasema kwamba siku fulani faili hili lilishakuwepo. Ndiyo maana nataka mtu ajitaje kwanza. Jina linaingia humo humo ndani ya wimbo.”

Kwa siku zile muhuri mmoja ulimgharimu Saady karibu sawa na anachotoza Firdausi kurekodi, kwa hiyo hazikupigwa muhuri nyimbo zote. Alichagua. Mwandishi alipomuuliza anachaguaje, alicheka. “Narekodi huku natazama dirishani. Waliokaa nje wakianza kutikisa vichwa, najua huu utaibiwa.”

Machi 11, mwaka 2014, watu wa nje walitikisa vichwa.

Aliyekuwa anaimba siku hiyo ni Immakulata Ndihokubwayo, mkulima wa Kagerankanda, mwenye miaka 46, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Majirani humwita Mama Claudine, kwa jina la binti yake aliyeolewa Kibondo. Wimbo ulikuwa “Maharage Yamechanua”, alioutunga akipalilia shamba lake la bondeni, na una kiitikio ambacho mwandishi amekaa nacho kichwani tangu aje huku na hajui atakitoaje.

Nyanda za juu huku watu wanapalilia kwa zamu, leo kwako, kesho kwa jirani, na mwenye sauti ndiye anayeongoza jembe. Immakulata alikuwa ndiye mwenye sauti. Wimbo wake ulitoka shamba hadi shamba, vibarua wakaubeba, na mwezi wa tano ukaibuka Kibondo umevaa gitaa na ngoma, jina la mtunzi likiwa Leonidasi, kiongozi wa kikundi cha burudani cha huko.

Ulivuma hasa. Ukavuma hadi ukarudi Kagerankanda, na Juni, kwenye harusi, Immakulata aliposimama kuuimba vijana walimzomea kuwa ameiba wimbo wa Leonidasi.

“Niliketi chini,” anasimulia. “Mtu mwenye asili ya kwingine, neno mwizi linamwingia mara mbili. Nilikuwa nakwenda kupalilia, nafika, nainamisha kichwa, nalima. Wenzangu nao wakaacha kuniambia anzisha. Tukawa tunalima kimya, kama watu wa msibani.”

Desemba, redio moja ya jamii mjini Kasulu ilitaka wimbo huo uwe wa kufungulia kipindi cha wakulima, na kila asubuhi jina la mtunzi litajwe. Ndipo Firdausi alipofunga kibanda, akaenda redioni na kusema jina wanalotaka kutaja silo.

Mhariri wa vipindi, Evaristi, aliwaita wote Januari mwaka huu. Leonidasi alikuja na wenzake wawili. Immakulata alikuja na kitenge kipya na hofu ya zamani. Firdausi alikuja amebeba kompyuta nzima, mpaka na kioo chake, kwenye pikipiki.

Walianza vibaya. Evaristi aliomba kwanza aone tarehe ya faili kwenye kompyuta, na kompyuta ikasema wimbo ulirekodiwa Januari mosi, mwaka 2002. Betri yake ya saa ilikufa siku nyingi, na kila umeme ukikatika inarudi mwaka huo.

“2002 dada ulikuwa kidato cha pili,” Leonidasi alimwambia, na chumba kizima kikacheka, Firdausi naye akiwemo.

“Si mmeona?” alijibu. “Saa ya kompyuta hata mtoto anaibadilisha. Mimi sikuwaita muangalie saa yangu.”

Akaeleza mnyororo. Evaristi, mtu wa kuuliza, akauliza nani mwenye kumbukumbu hiyo. Akaambiwa hakuna mwenyewe. “Sasa kitu kisicho na mwenyewe tukiamini vipi?”

“Kingekuwa na mwenyewe tungemhonga,” alisema Firdausi. “Mimi ningemhonga, na kaka Leonidasi angemhonga. Huyu hayupo.”

Evaristi akafungua ukurasa wa mtandaoni ambako alama inaonekana na tarehe yake, Machi 11, 2014. Firdausi akaitoa alama ya wimbo kwenye kompyuta. Wakatazama.

Hazikufanana. Hata herufi ya kwanza haikufanana.

Firdausi alirudia, ikawa vile vile. Leonidasi hakucheka safari hii. Alimgeukia Immakulata akasema kwa upole, “Basi, mama, yaishe.” Upole huo, anasema Immakulata, ulimuuma kuliko kuzomewa.

Kosa lilikuwa la Firdausi mwenyewe, na ni kosa ambalo ni watu wa vibanda vya nyimbo tu wanaoweza kulifanya. Kila kibanda huku huandika jina lake na namba ya simu ndani ya kila wimbo, ili mteja akiucheza kioo cha simu kimtangazie mwenye kibanda. Mwezi wa nne, wiki chache baada ya muhuri, Firdausi aliamua kuzitia nyimbo zake zote jina la kibanda kwa mkupuo mmoja. Sikio halisikii tofauti yoyote. Kwa mnyororo, lile lilikuwa faili jingine.

“Nilijitangaza mpaka nikamfuta Mama Claudine,” anasema, na hapa hacheki. “Nilitaka kulia mbele za watu.”

Ni Immakulata aliyeuliza, kwa sauti ndogo: “Na ule ulionipa mimi?”

Siku ya kurekodi Firdausi alikuwa amemtilia nakala kwenye memori kadi, kabla ya kugusa chochote. Immakulata hana simu ya kucheza nyimbo, kadi alimpa binti yake. Walimpigia Claudine Kibondo pale pale, na akataka kuutuma wimbo kwa simu.

“Usitume!” Firdausi alipiga kelele hadi Evaristi akaruka kitini. “Simu itaubana, itauharibu. Usiuguse, usiufungue, usiubadilishe hata jina. Zima simu, toa kadi, njoo nayo.”

Kesho yake Claudine alipanda basi akiwa ameifunga kadi kwenye ncha ya khanga, mtoto mgongoni. Firdausi alimngojea stendi tangu asubuhi. Hakukumbuka hata kunywa chai.

Redioni, Evaristi alitoa hukumu ya mtu mwenye busara. Alimtaka Leonidasi mwenyewe asome alama iliyo mtandaoni, na Firdausi afuatishe ile iliyotoka kwenye kadi.

Wakaanza. Leonidasi anasoma, Firdausi anaitikia, herufi kwa herufi. Nne, nne. E, e. Saba, saba. Sauti ya Leonidasi ilianza kubwa ya jukwaani. Katikati ya mstari ikapungua. Karibu na mwisho alikuwa anasoma polepole kabisa, lakini alisoma zote, hakuruka hata moja, na ya mwisho aliisoma kisha akavua kofia.

Ndipo Evaristi akaucheza wimbo wa kwenye kadi, na kabla ya kiitikio ikasikika sauti: “Naitwa Immakulata Ndihokubwayo, natoka Kagerankanda.”

“Niliusikia kwa vibarua wa mavuno,” Leonidasi alimwambia mwandishi kwa simu. “Wimbo wa jembeni nilijua ni wa watu wote, hauna mama wala baba. Kumbe mama yake yupo hai, na nimekaa naye chumba kimoja namwambia yaishe. Nilimwomba radhi, akanipa mkono.” Kikundi chake bado kinaupiga, kwa ruhusa, na jina la mtunzi limerekebishwa.

Jina hilo lilitajwa redioni kwa mara ya kwanza Jumatatu ya mwisho ya Januari. Firdausi aliweka redio kwenye spika kubwa ya kibanda. Wauza mitumba walifikiri ni tangazo la kampeni.

“Ego, nilisikia,” Immakulata anasema kwa Kiha chake, maana yake ndiyo. “Nilikuwa nakoka moto. Mume wangu, Ndayiragije, alitoka nje, akasimama uani, akapaza redio juu kwa mikono miwili ili na ng'ambo ya bonde wasikie. Ndayiragije si mtu wa kufanya mambo hayo.”

Tangu hapo kibandani pana foleni. Kwaya zinakuja, wapiga ngoma wanakuja, na wiki iliyopita alikuja mzee wa Kasanda akitaka hadithi zake zipigwe muhuri, si kwa kuogopa wezi ila wajukuu wajue alizisema akiwa hai. Saady amejifunza kuzifunga alama nyingi kwenye muamala mmoja, na gharama imeshuka. Firdausi sasa hagusi faili lililopigwa muhuri. Analiweka kwenye kadi mbili, moja inabaki kwa baba yake dukani.

Ana mpango, na anauongelea huku amesimama, kwani akikaa hautoshi. Anataka kinasa sauti cha kubebeka na sola ndogo, azunguke Munanila, Kasanda na vijiji vya Kibondo kurekodi nyimbo za jembe na za harusi kwa waliozitunga, huko huko mashambani kwao. Nusu ya fedha ameshaiweka. Anamtaka Immakulata wafuatane, kwa kuwa wanawake wa vijijini hawatamwimbia mtu wa mjini peke yake. Safari ya kwanza wangeianza kesho, kwa kinasa sauti cha kuazima.

Immakulata, aliyekuja sokoni kuuza mihogo, anamsikiliza hadi mwisho, kisha anatikisa kichwa.

“Si kesho, mwanangu. Kesho ni zamu ya shamba la Esteri, jirani yangu. Alikuja mwenyewe jana mpaka mlangoni. Kaniambia nisipokwenda kuanzisha wimbo, wao hawashiki jembe.”

Firdausi anamtazama. Halafu anaanza kukunja nyaya za maiki.

“Hilo shamba la Esteri,” anauliza, “pikipiki inafika?”