Kiganja cha Kushoto cha Bwana Nyuzi

Nyumba ile ilikuwa na vitu viwili vilivyofungwa, na ufunguo hakuwa nao mtu: kichwa cha Bwana Nyuzi na kikokotoo chake.

Kichwa kilijifunga taratibu. Yalianza kupotea majina ya majirani, ikafuata njia ya kwenda dukani, na mwisho akapotea binti yake mwenyewe, fundi cherehani aliyehamia kwake na cherehani yake ili amtunze. Binti alimwogesha, akamkata kucha, akamlisha, na mzee akamshukuru kwa adabu zote. "Ahsante, sista," alikuwa akisema, maana alidhani amelazwa hospitali, tena hospitali nzuri yenye chakula cha kueleweka. Binti alicheka naye. Akishafika jikoni, ilikuwa habari nyingine.

Kikokotoo nacho hakikuwa kile cha kujumlishia nyanya sokoni. Kilikuwa cha wapima ardhi, kizito mkononi, maandishi ya vitufe vyake yamefutika kwa kuguswa. Kilikuwa cha aina ile inayoandikiwa programu: unakifundisha kazi mara moja, nacho hakisahau. Bwana Nyuzi alikifundisha kulifuata jua. Ukikipa kituo, yaani mahali uliposimama, na tarehe na saa, kinakuambia jua liko nyuzi ngapi kutoka kaskazini ya kweli, na ukishajua hivyo huwezi kupotea, hata uwe katikati ya pori ambako hakuna nguzo wala mtu wa kumuuliza. Sisi wengine tunasema jua huchomoza mashariki, tunamaliza. Yeye alijua kwamba kila siku linachomoza mahali pengine kidogo, na jambo hilo halikuacha kumshangaza mpaka anastaafu.

Jina la Nyuzi alipewa kazini, na lilimkaa. Picha ikining'inia upande ukutani, alisema imeinama nyuzi mbili. Mtoto akinuna mezani, aliambiwa ageuze shingo nyuzi tisini amtazame mama yake. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kaolewa na duara.

Ile programu aliiandikia nyumbani, uani, binti yake akiwa bado wa kuvaa gauni la shule. Mzee alisimamisha darubini yake ya kupimia juu ya miguu mitatu, akaifunika kwa kioo cheusi ili jua lisimpofue. Binti alisimama kwenye kizingiti cha jiko na saa ya baba yake, ile ya mkanda wa ngozi, kubwa kuliko kifundo cha mkono wake. Baba aliuliza, "Tayari?" Mtoto akajibu kwa sauti yote aliyokuwa nayo, "Tayari, Baba!" Jua likifika kwenye uzi mwembamba ulio ndani ya darubini, baba alipiga kelele, "Sasa!" na mtoto akasoma saa, dakika na sekunde palepale. Akichelewa, anaambiwa jua limeshaondoka, arudie. Hakuwa akichelewa sana. Ndiyo maana baba alimwita Sekunde, na jina lake la kuzaliwa likabaki kuwa la kwenye vyeti. Siku nyingine alitumwa kule mbele ashike fito ya kupimia, baba akimlenga kwa darubini.

Sasa, hilo neno la siri lilikuja vipi? Lilikuja kwa sababu ya mazoea ya ofisini. Wapima ardhi hugawa duara katika nyuzi mia tatu na sitini kama watu wote, lakini kikokotoo chao kinaweza pia kuligawa duara katika mafungu mia nne, kwa wanaopenda hivyo. Mwenzake wa meza ya jirani alikiazima wakati wa chakula, akakigeuza kwenye mia nne kwa hesabu zake, akakirudisha vilevile na ahsante nyingi. Bwana Nyuzi hakutazama. Alikwenda kupima uzio wa uwanja wa mpira, akapigilia vigingi asubuhi nzima huku watu wakimtazama, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akipita akasimama na kuuliza kwa upole kwa nini goli moja linabaki nje ya uwanja. Vigingi aling'oa mwenyewe, kimoja kimoja, vijana wakimpigia makofi.

Tangu siku hiyo kikokotoo kilifungwa. Ukikiwasha, kinakuuliza neno la siri, na mzee aliliandika huku kiganja chake cha kushoto kimefunika vitufe. Alikifunika mbele ya mkubwa wake wa kazi, mbele ya mkewe, mbele ya kuku. Mkewe alisema kama bwana ana mke mwingine, basi kamficha humo.

Ukaja mwaka ambao mjukuu, mtoto wa kaka yake Sekunde, aliingia kidato cha mahesabu makubwa. Kaka alikuwa dereva wa lori, mtu mwema, ila hakuwa na subira na kitu kisichotembea. Alikikuta kikokotoo mapajani mwa baba yao, mzee akikipapasa kama paka.

"Dada, hiki kitu kinaoza bure," alisema. "Mtoto ana mtihani. Nyuma hapa pana tundu, ndani yake kuna kitufe. Nipe pini yako moja, nibonyeze, neno la siri linafutika."

"Na vilivyomo?"

"Vinafutika vyote. Kinakuwa kama kimetoka kiwandani leo."

"Basi na Baba anafutika."

"Dada, tusidanganyane." Kaka alishusha sauti ingawa mzee alikuwa akitabasamu tu. "Baba alishafutika. Anatuita sista na daktari. Wewe unakishikilia hicho kidude kwa sababu unadhani yumo ndani."

Hilo lilimchoma Sekunde kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa akikibadilishia betri kwa uangalifu kama alivyofundishwa, moja moja, asije akazitoa zote ikapotea kumbukumbu. Kila mstari uliokuwa humo baba aliufikiria mwenyewe, kwa akili ile iliyokuwa nzima. Hapakuwa na mahali pengine duniani ilipobaki.

"Niachie mpaka kesho asubuhi," alisema. "Nisipokifungua, pini nakupa mwenyewe."

Siku nzima alijaribu maneno. Alijaribu jina la mama, akakataliwa. Alijaribu jina la kaka, la mtaa, la mbwa waliyekuwa naye zamani. Mwisho, kwa haya, akaandika lake mwenyewe, Sekunde. Kikokotoo kikamjibu kwamba si sahihi. Unaweza kucheka, lakini yeye aliumia kama amefungiwa mlango na mtu anayemsikia akibisha. Alimuuliza mzee: "Baba, neno la siri ni nini?" Mzee akamwambia ni vizuri akamuulize daktari.

Jioni alikuja mteja, msichana aliyenunua cherehani yake ya kwanza, akaomba aelekezwe jinsi ya kutunga uzi. Sekunde alianza kueleza: unapitisha juu, kisha kwenye kile kichuma, kisha... akakwama. Fundi wa miaka yote hiyo! Aliona aibu, akavuta cherehani yake, na mikono ikatunga uzi kabla hajamaliza kuona aibu. Msichana alishukuru, akaenda zake. Sekunde alibaki ameitazama mikono yake.

Kichwa cha Baba ndicho alichokuwa akikiuliza siku nzima. Mikono hakuiuliza.

Asubuhi lori lilinguruma nje, kaka akaingia uani na pini aliyoichomoa mwenyewe kwenye kimto cha cherehani. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake, jua likimpiga usoni, kikokotoo kwenye kigoda mbele yake. Sekunde alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jiko. Mkononi alivaa ile saa ya mkanda wa ngozi, sasa ikimtosha.

"Unafanya nini?" kaka aliuliza.

"Nyamaza kidogo, Kaka."

Alivuta pumzi, akaita kwa sauti ya utotoni, sauti ambayo mtu mzima huona haya kuitoa. "Tayari, Baba!"

"Ahsante, sista," mzee alisema.

Kaka alikohoa. Sekunde alihisi machozi yakija, akayazuia, akaita tena, sasa kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika: "Tayari, Baba!"

Mzee aliinua uso. Alifumba jicho moja kama anachungulia kwenye darubini, akakaa hivyo muda, mdomo umekaza. Kisha uani pakasikika sauti ambayo hawakuwa wameisikia kwa muda mrefu, sauti ya mtu wa kazi.

"Sasa!"

Sekunde alisoma saa, dakika na sekunde. Mkono wa kulia wa mzee ukashuka kwenye kigoda ukakiwasha kikokotoo. Mkono wa kushoto ukafuata, ukatanda juu ya vitufe. Chini ya kiganja hicho vidole vilicheza kwa haraka, bila kutafuta, na kikokotoo kikafunguka.

Kikokotoo kiliuliza kituo, mzee akabonyeza moja. Kiliuliza tarehe, akageuza kichwa kumtazama Sekunde kwa ukali, naye akaitaja kwa haraka. Aliandika saa aliyosomewa. Skrini ikatulia kidogo ikifikiri, ikatoa namba. Mzee aliisoma, akanyanyuka kwenye kiti bila kushikwa, akaliweka jua upande wake wa kulia, akajigeuza pole pole, akisahihisha kwa hatua ndogo ndogo. Kisha akanyoosha mkono.

"Kaskazini," alisema. "Pale."

Alikuwa ameonyesha ukuta wa nyuma, kwenye tangi la maji. Sekunde alikwenda, akajibana kati ya tangi na ukuta, akapangusa utando wa buibui. Chini ya rangi, palikuwa na mstari uliochongwa kwenye saruji. Alikuwa ameusahau kabisa. Baba aliuchonga siku programu ilipokubali mara ya kwanza, na kituo cha kwanza cha kikokotoo, kumbe, kilikuwa ua huu huu.

"Labda ameukumbuka tu," kaka alisema, lakini alisema kwa kunong'ona, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada na viatu.

"Labda," Sekunde alisema. "Na hilo ni dogo?"

Kaka alitazama pini mkononi mwake, akaenda kuirudisha kwenye kimto.

"Umeliona neno?" aliuliza aliporudi.

"Nilione wapi? Kaliziba."

Walicheka wote wawili mpaka kaka akalazimika kujifuta uso kwa shati. Alisema mtoto atamtafutia kingine, hata cha kuazima, mradi mtoto atazame kwanza kama hakiko kwenye mia nne. Kikokotoo kilikuwa kimeshajizima kwenye kigoda. Kilikuwa kimefungwa tena, na safari hii haikumuuma mtu.

Mzee alikuwa bado amesimama, akitazama kule kaskazini. Sekunde alikwenda akasimama mbele yake.

"Nimesoma vizuri, Mzee?"

"Unajitahidi, sista," alisema. "Lakini ninaye mtu wangu, anaitwa Sekunde. Huyo hana mfano wake."

"Yuko wapi huyo?"

"Yuko kule mbele, ameshika fito ya kupimia." Alimgusa bega, taratibu, akamsukuma pembeni. "Sogea kidogo, mama. Unanikinga nisimwone."

Sekunde akasogea.