Mkuki wa Jitu Niliushika kwa Mkono Mmoja, Sasa Baridi Inaniua

(Msomaji wetu wa wilaya ya Rungwe ameomba tulifiche jina lake na la kijiji chake. Maneno ni yake mwenyewe.)

Mimi ni mzee. Miaka yangu siijui sawasawa, ila Mjerumani anaondoka mimi nachunga ndama, basi hesabuni wenyewe. Nina wake wawili, na kahawa yangu ilikuwa inasifiwa mpaka Kiwira kabla hatujahamia kijiji cha ujamaa. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Kwenye kisomo cha watu wazima nimewapita wote, isipokuwa herufi chache tu zinanisumbua. Chui nimemuua, ngozi yake wazee wa Ibighi waliiona. Sijawahi kumwogopa mtu. Lakini sasa naogopa, natetemeka mchana kweupe.

Mwalimu wetu wa kisomo ni kijana wa Tanga. Rafiki yake Mzungu amemtumia kitabu cha mchezo wa vita. Si bao, si karata. Mnakaa mezani, mwalimu anasimulia nchi yenye majitu na mazimwi, na kila mmoja ana mtu wake, punje ya kahawa tu. Unasema mtu wako anafanya nini, unatupa dadu, dadu ndiyo inayosema ameweza au ameshindwa. Alituletea ili tupende kuhesabu. Tukapenda kweli, tukawa tunatoka shamba la kijiji mbio kama watoto.

Pembeni yangu hukaa rafiki yangu, nitamwita Ambakisye, si jina lake. Tumekua pamoja, ng'ombe wetu walilala zizi moja. Hata katika mchezo mtu wake alikuwa anasimama ubavuni kwa mtu wangu, anamlinda.

Siku ya ugomvi tulikuwa tumeua jitu, nikachukua mkuki wake. Mwalimu akafungua kitabu.

"Mzee, silaha hii ilitengenezwa kwa kimo cha jitu. Mtu wa kimo chetu anaishika kwa mikono miwili, na hata hivyo shabaha yake inapungua."

"Na ngao yangu je?"

"Ngao uiweke chini."

Mimi niweke ngao chini! Nikasimama. Nikawaambia, mimi misibani nimecheza na mkuki mrefu mkono huu, ngao mkono huu, tangu kaburi linachimbwa mpaka jua linazama, kama sisi wanaume wa huku tunavyomlilia marehemu. Hicho kitabu kiliniona wapi?

Ambakisye akacheka. "Nkamu, ndugu yangu, kucheza msibani si kuchoma. Pale ulikuwa unachoma hewa."

"Na hewa yenyewe ilikuwa inaniogopa!"

Watu wakacheka, nami nikazidi kubisha. Mwisho mwalimu akachoka. "Haya, mzee. Kitabu hakikusema wazi juu ya ngao iliyofungwa mkononi. Shika kwa mkono mmoja. Lakini dadu ikitoka moja, mkuki unakuponyoka, na kwa urefu ule utamwangukia aliye karibu."

Aliye karibu ni mtu wa Ambakisye. Ambakisye akaniambia polepole, "Usiirushe dadu hiyo." Nikarusha. Ikatoka moja.

Mwalimu akaiondoa punje ya Ambakisye mezani. Mimi nikasema, "Mtu legelege asisimame karibu na wanaume." Ambakisye hakujibu. Akachukua kofia yake akaondoka, hakuaga.

Ninyi wasomaji wa mbali hamjui mambo ya kwetu. Huku mtu akikukasirikia akafoka, akakutukana, yameisha. Akinyamaza akanung'unika moyoni, pumzi yake inakutafuta. Inakuingia kama baridi, na haitoki mpaka mwenyewe aiseme hasira yake mbele ya watu, halafu apulize maji chini, moyo wake upoe.

Tangu siku ile nina baridi. Zahanati walinipa dawa ya malaria, nimeimaliza, homa imeshuka, baridi iko palepale. Najifunika mablanketi, moto uko karibu, lakini miguu kama nimeitia mtoni. Nikipita kwenye mashine ya kumenya kahawa watu wananyamaza. Nikishapita nasikia wanaanza tena.

Nikamtuma mke wangu mkubwa akamwombe Ambakisye aiseme hasira yake. Ambakisye akamjibu, "Hasira gani, shemeji? Ule si mchezo tu?" Afadhali angenitukana! Akampa na mkungu wa ndizi aniletee. Mpaka leo umesimama ukutani, hakuna aliyethubutu kuupika.

Mwalimu kwa huruma akataka kumfufua mtu wa Ambakisye mchezoni. Ambakisye akakataa. "Aliyekufa amekufa, mwalimu. Au kwenu Tanga marehemu anarudi kucheza?" Mchungaji naye kaniambia nisali, niache habari za pumzi. Nimesali, meno yanagongana.

Jana Ambakisye amekuja mwenyewe. "Ugonile, nkamu," akanisalimu, mpole kabisa. Akaketi, tukaongea mvua, tukaongea kahawa. Anaondoka, ameshika mlango, akageuka akaniuliza, "Mtu wako akifa, ule mkuki atabaki nao nani?" Sijui alikuwa anauliza habari ya punje au habari yangu mimi.

Mke wangu anasema njia ni moja. Niwaite wazee wa rika letu, niseme mbele yao nilikosa, mkuki ule ulitaka mikono miwili. Hapo ndipo Ambakisye atatoa la moyoni na kupuliza maji. Lakini huo ni uongo! Wazee wote wanaujua mkono wangu. Na nikikaa kimya, baridi jana ilikuwa magotini, leo iko kiunoni.

Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, nipeni shauri, mimi nifanye nini? Nikubali mikono miwili nipone, au nife na mkono wangu mmoja? Nijibuni upesi. Ambakisye ametuma salamu kwamba leo jioni atapita tena kunitazama.