Mkono Kwenye Komeo

Nyamizi wa Didia hakuwa mtu wa kukaa naye sinema. Mimi Serafina, jirani yake wa ua kwa ua, nimezaliwa Geita katikati ya wachimba dhahabu, na ngumi za walevi nimezishuhudia tangu nikiwa mdogo. Lakini sijapata kuona mwanamke mwingine aliyempiga mtu kigoda kwa sababu ya Mkorea.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Gari la sinema lilikuja kutoka Shinyanga mjini mara moja kwa mwezi, likatuonyesha picha kwenye ukuta mweupe wa duka la Harish. Picha yenyewe ilikuwa ya Wakorea, ya vipande vinne, kila mwezi kipande kimoja, na Donatus wa kwenye gari alitueleza kwa kipaza sauti nani anasema nini.

Kulikuwa na kabaila aliyewachapa wakulima wake mpaka damu ikaruka. Katika kipande cha pili aliwatuma vijana wake wakamkamate mama mmoja mzee aliyewaficha wapiganaji. Lango la mama lililindwa na kijana ambaye mama huyo alimwokota wakati wa njaa akamlea mwenyewe. Sisi tulimwita Bawabu. Vijana wa kabaila wakabisha hodi. Bawabu akalia machozi, kisha akavuta komeo. Mama akaburutwa kwa nywele, akachinjwa palepale uani.

Uwanja mzima ulimlaani kabaila. Nyamizi akasimama akasema kabaila ni kabaila, kazi yake tunaijua. Wa kunyongwa ni huyo mwenye mkono kwenye komeo.

"Lakini maskini alikuwa analia," akasema Cornel, jirani yetu.

"Kwani ni machozi yaliyovuta komeo?"

Cornel akacheka, akamwambia mambo ya wanaume hayawezi. Kigoda kikampata kwenye paji la uso, akaenda kushonwa.

Kisimani ndiko alikotoa hukumu zake nyingine. Mpiganaji mwenye kitambaa shingoni, ambaye sisi wengine tulikuwa hoi kwa ajili yake, kwa Nyamizi alikuwa mpiga domo tu: mama anachinjwa, yeye bado anahutubia mlimani. Na yule bibi harusi aliyelia kipande kizima? "Angelia huku anakimbia, angefika." Ukimbishia, ndoo yako inapigwa teke. Nilimpenda sana, na nilimwogopa.

Nyamizi aliishi na mumewe, Bujiku, na mama mkwe wake, Mageni. Bibi Mageni alikuwa na macho mekundu kwa sababu ya kupikia mavi ya ng'ombe miaka yote, maana kuni kwetu ni za shida. Mtoto wa Cornel alipokufa kwa homa, mganga alimwambia mchawi ni jirani mwenye macho mekundu. Upumbavu mtupu, lakini wengi walikwisha kukatwa mapanga kwa upumbavu huo.

Cornel akamfuata Bujiku. Haya Bujiku alikuja kuyasema mwenyewe. Aliambiwa hatakiwi kumgusa mama yake. Atakachofanya ni kufungua lango tu. Akikataa, nyumba itachomwa na watoto wakiwa ndani.

Siku hiyo nilikuwa kwao napepeta mtama, Nyamizi akitwanga, na ng'ombe walikuwa wamekwisha kuingia. Watu watano, Cornel akiwa mmojawapo, wakasimama nje ya ua wa minyaa, mapanga mkononi. Bujiku akaenda langoni, akashika gogo la kufungia. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Baba Selestine, unalia nini?" Nyamizi akauliza.

Bujiku akaanza kuvuta gogo.

Nyamizi hakuuliza tena. Alifika na mchi wake, akaushusha juu ya mkono ule, nami nikasikia mfupa ukivunjika. Mume akaanguka anapiga kelele. Mke akalisukuma gogo likarudi mahali pake. Cornel akaruka lango, akapokewa na mchi wa mdomo, meno yakamwagika. Panga la mwenzake likamchana Nyamizi bega, la pili likamkata vidole viwili. Damu ilimchuruzika mpaka miguuni, na mchi hakuuachia. Mimi nilipiga mwano, lile yowe la hatari la Kisukuma, nikapiga mpaka koo likakauka. Wanaume wakaja mbio na marungu. Mmoja wa wale watano alikamatwa, akapigwa mpaka nikageuza uso. Cornel alikimbia, na hatukumwona tena kijijini Didia.

Bibi Mageni alitoka jikoni, akamkuta mwanawe chini. Akaambiwa yote. Akamfunga mkono kwa vijiti. Tangu hapo Bujiku alipikiwa, alifuliwa, na hakusemeshwa na mama wala mke. Alikonda, nami nilimwonea huruma, ingawa kwa Nyamizi sikuthubutu kuitamka.

Kipande cha nne kilikuja mkono wa Bujiku umeunga, umepinda. Waliketi watatu mstari mmoja. Kule ukutani Bawabu alijiunga na wapiganaji, akapigwa risasi, na yule mpiga domo akamkumbatia akamwambia umesamehewa. Watu wakapiga makofi. Bujiku akaanza kulia.

"Huyo anayemsamehe ni nani?" Bibi Mageni akauliza kwa sauti. "Mwenyewe si walimchinja?"

Makofi yakakatika. Bibi akamgeukia mwanawe.

"Wewe una bahati. Mkeo alikuvunja mkono, nikabaki hai wa kuombwa. Basi niombe."

Bujiku akapiga magoti mbele ya kijiji kizima, mwanga wa sinema ukimpiga usoni. "Mayu, nisamehe."

"Nimekusamehe."

Bujiku alibaki amepiga magoti mbele ya mwanga. Nyamizi akanyoosha ule mkono wake wa vidole vitatu, akamvuta shati.

"Kaa chini, Baba Selestine, unaziba watu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mumewe tangu siku ya mchi.