Vipimo Vinahama

Nimehama mara nyingi mno. Bukavu, Uvira, Kigoma, Mbeya, Karonga, kisha kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi. Hata sasa nikikaa sana mahali pamoja miguu inaniwasha. Ndiyo maana kikundi chetu cha ushonaji kilinipa kazi ya barabarani: kutoa vitambaa kwenye duka letu la Area 18, mjini Lilongwe, kuvipeleka kwenye karakana ya Dzaleka, na kurudi na sare za shule zilizokamilika.

Vipimo vya wateja wote vilikaa ndani ya kompyuta moja kuukuu pale Dzaleka. Mabega, kiuno, urefu wa suruali, shule nzima nzima. Umeme ukikatika kambini, duka la mjini halikujua lolote. Halafu kompyuta ikaanza kujizima yenyewe na kutoa mlio kama mtu anayesaga meno. Fundi wetu wa kompyuta, Mrundi aliyejifunzia kazi hiyo hapohapo kambini, akatuambia diski inakufa. Muhula mpya ulikuwa mlangoni. Vipimo vikipotea, ingebidi tuwapime watoto upya, na shule zingekwenda kwa washonaji wengine.

Ushauri wake ulikuwa mmoja: tupeleke kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni inayokodisha nafasi, ili tuvione kwa simu popote tulipo.

Mimi wingu ninalolijua ni la Bukavu, lile lililoshuka asubuhi hadi kwenye mabati ya nyumba, mama yangu akakataa kuanika nguo. Nililipenda sana, ila sikuwahi kufikiria kuweka mali ndani yake.

Fundi akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la simu: "Bamama na bapapa, Ijumaa tunahama. Kila mtu atayarishe vitu vyake."

Vitu alivyomaanisha ni vipimo ambavyo washonaji walikuwa bado navyo kwenye karatasi. Lakini ukimwambia mkimbizi kwamba tunahama, hafikirii karatasi.

Ijumaa nilimkuta mshonaji wetu anayeishi mtaa wa Kauma, mama wa Bukavu kama mimi, akishuka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mbele ya duka. Kichwa cha cherehani kilikuwa kimefungwa kwa kitenge, sufuria zikining'inia, na baiskeli ya pili ilibeba godoro.

"Mama, unaenda wapi?"

"We njo uniambie, papa! Tunahama wapi? Na mara hii nani anatufukuza?" Kiswahili chetu husema "njo" badala ya "ndiyo".

Fundi, aliyekuwa ameshafika dukani na kompyuta yake ya mkononi, alipoelewa alicheka hadi akashika meza. "Mama, si weye. Vipimo njo vinahama. We unabaki."

"Ninabaki?" Aliketi juu ya godoro. "Nimeshaaga jirani! Mbaula yangu, jiko langu la makaa, nimemwachia!"

"Utaenda kumwomba."

"Nitamwambia nini? Kwamba karatasi njo zimehama?"

Tulicheka sote, hata wale wa kabaza ambao hawakuelewa neno. Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Sasa huko vinaenda, siku tukitaka kutoka, tutatoka navyo?"

"Huko ni salama, mama."

"Salama tuliambiwa kila mahali. Mi nauliza kutoka."

Nilikuwa na swali hilohilo. Fundi akavuta kiti, akatueleza kampuni tatu alizokuwa amezilinganisha. Ya kwanza, ya ng'ambo, ilikuwa kubwa na yenye kila kitu, lakini ilitaka kadi ya benki ambayo hatuna, na ilitoza kila unapotoa vitu vyako. Ya pili ilikuwa hapa Lilongwe. Unalipa kwa simu, na ukikasirika unaenda kugonga mlango wao. Hiyo ndiyo aliyoipenda. Ya tatu pia ilikuwa ya ng'ambo, haina jina kubwa, ila ilikuwa na wakala mjini anayepokea malipo ya simu.

"Tujaribu," nikasema. "Tuingize shule moja kwa hizi mbili za mwisho, kisha tuitoe."

"Papa, we kila nyumba unaingia unatafuta kwanza mlango wa kutokea," mama akanitania.

"Na we umekuja na godoro."

Ile ya Lilongwe ilipokea vipimo upesi. Tulipovitoa, majina ya watoto yalirudi, namba zikabaki huko. Zilisomeka ndani ya programu yao tu. Fundi alijaribu tena, akatikisa kichwa, akageukia ya tatu. Ilikwenda polepole hadi nikatoka kununua mandazi. Niliporudi, jedwali lilikuwa wazi mbele yake, kila mtoto na kiuno chake.

"Hii," akasema. Mama akainuka kuangalia kwa macho yake, akaitika.

Vipimo vyote vilihama siku mbili zilizofuata, fundi akiwa Dzaleka akiibembeleza ile kompyuta isizimike. Jumatatu nilikuwa dukani nikikunja vitambaa, mkataji wetu akapiga simu kutoka karakana.

"Umeme hakuna huku," akasema. "Kompyuta nayo imekataa kabisa kuwaka."

Niliacha kukunja. "Sasa?"

"Sasa nini? Niko navyo hapa kwa simu. Yule mtoto mrefu wa shule ya Lumbadzi, suruali yake tunaongeza pindo?"

"Ongeza. Anakua yule."

"Sawa, ngoja basi." Aliiweka simu mezani bila kuikata, nikasikia mkasi ukiingia kwenye kitambaa.