Uso wa Milko Mtoni

Mume wangu Stamen amekuwa mpiga picha pekee wa mji wetu kwa miaka mingi, na mimi Radka ndiye niliyekuwa nikimsafishia filamu, kwa hiyo nisiambiwe sijui ninachosema. Kazi aliijua, hilo simnyimi. Kila tarehe sita Januari, sikukuu ya kubariki maji, padri anapoutupa msalaba mtoni na vijana wakarukia maji ya barafu kuufuata, Stamen aliiweka shata kwenye mia tano, yaani inafunguka na kufungika kabla hujapepesa jicho, na kila tone la maji likasimama hewani. Akina mama walizitundika picha zile karibu na picha za watakatifu. Unamwona mwanao mpaka meno yanavyogongana.

Kisha akaja bwana mmoja kutoka mji mkuu, Sofia, mtu wa maonyesho ya picha. Akanywa rakia yetu, pombe kali ya matunda, akala jibini letu, akafunua albamu na kusema picha za Stamen ni samaki wa kwenye barafu, wamepangwa vizuri lakini wamekufa. Maji lazima yatembee, alisema. Bwana mkubwa akaenda zake, maneno yakabaki, na mume wangu akawa hapati usingizi. Nilimwambia ampuuze, watu wa hapa wanataka nyuso. Akanijibu eti mimi najua dawa za kusafishia tu. Haya.

Januari ile, ya mwaka tisini na saba, akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu na kuishusha shata mpaka nane, ibaki wazi muda wa kutosha maji yajichore yenyewe. Msalaba ulikamatwa na Milko, mtoto wa pekee wa jirani yetu Tsena, aliyeruka kwa mara ya kwanza; kijana wa miaka ishirini na miwili, dereva wa lori la magogo. Anayeukamata huwa mzima mwaka mzima, ndivyo tunavyosema. Tsena, mama yake, alilia kwa furaha.

Stamen alimaliza filamu nzima kwa nane ileile. Maji yalitoka kama shuka lililoanikwa kwenye upepo. Mkono uliouinua msalaba ulitulia, ukaonekana vizuri. Chini yake, Milko alipokuwa akitikisa kichwa, palikuwa na ukungu wa rangi ya ngozi. Stamen akaipeleka picha hiyo Sofia, wakaipa tuzo ya pili. Tsena alipoomba picha ya mwanawe, Stamen akamwambia asubiri mwakani, atampigia nzuri zaidi.

Mwezi wa tano lori liliporomoka korongoni likaungua, Milko akiwa ndani, na kitambulisho chenye picha yake mfukoni.

Hapa mtu akifa, karatasi yenye uso wake hubandikwa mlangoni, na hubandikwa tena siku ya arobaini, miezi sita, mwaka. Milko alikuwa akikimbia kamera tangu utotoni. Nyumbani palikuwa na picha moja tu, ya darasa la tatu, skafu nyekundu shingoni. Tsena akaja studio.

"Wewe ulikuwepo, Stamen," alisema. "Ulimwelekezea kamera. Nipe uso tu, hata mdogo."

Stamen alizipekua picha zote thelathini na sita kwa kioo cha kukuzia, mimi nimeshika taa. Hakukuwa na jicho hata moja. Nilitamani kumzaba kofi, na nilimhurumia, vyote kwa pamoja. Mwisho, mjinga yule, akaishusha ukutani ile ya tuzo, kubwa, ndani ya fremu, akampa.

Tsena aliipokea. Akapitisha kidole kwenye kucha, kwenye kovu la dole gumba.

"Mkono ni wa Milko. Chini ya huu mkono sijui ni nani." Akairudisha mezani. "Kaa naye, Stamen. Huyu ni wako. Wangu alikuwa na uso."



Karatasi ikabandikwa ikiwa na picha ya darasa la tatu. Kila inapobandikwa upya wapita njia husimama wakasema maskini, mtoto wa miaka tisa. Stamen amerudi kwenye mia tano, na kila Januari analeta nyuso za vijana wote, hakosi hata mmoja. Jioni tukifunga studio, yeye huvuka barabara kabla ya kuufikia mlango wa Tsena. Mimi hupita palepale, peke yangu, na kumwamkia.