Dawa za Barumbu zilivyokuwa zikipotea ndani ya kompyuta

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi huwa nasoma tu na kupita. Lakini uzi wa juzi, wa yule ndugu aliyebadilisha programu ya ofisi moja kwa moja kwenye seva inayofanya kazi, umenitoa mafichoni. Haya niliyaona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha, mambo mengine nimeyaacha yalivyo, hata pale yanaponichekesha mimi mwenyewe.

Ilikuwa Kisangani, miaka ya vita.

Nina shahada ya falsafa. Shahada hiyo ilinipatia kazi ya kuchunga kompyuta kwenye bohari ya dawa, kwa sababu mkuu wetu, Papa Anselme, aliamini mtu aliyemaliza vitabu vile hawezi kushindwa na mashine. Aliniita Licencié, yaani mwenye shahada. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au dhihaka.

Tulikuwa na kompyuta tatu.

Moja ya kuandikia programu. Moja ya kujaribia. Ya tatu tuliiita "ya kweli": humo ndimo yalimoingizwa maagizo ya vituo vya afya yakifika kwa redio, na kila Jumatatu vijana wa kupakia walipakia kile tu ilichokichapa. Siku hizi wanasema development, test na production, na programu inahama yenyewe kutoka seva hadi seva. Kwetu ilihama ndani ya diskette, mfukoni mwa Kasereka.

Kasereka alikuwa fundi wetu wa programu, mtu wa Butembo. Kila Jumamosi aliichukua programu mpya kutoka kompyuta ya kujaribia, akaiweka kwenye ile ya kweli, akajifungia chumbani mpaka amalize.

Mtaelewa mji ulivyokuwa. Butembo ilikuwa chini ya kundi moja la waasi, sisi chini ya jingine, na mitaani bado tulikuwa tunaziba matundu ya risasi. Mtu akifunga mlango, jirani alijiuliza anaficha nini. Asipoufunga, alijiuliza anamngojea nani.

Sasa, mto uliokuwa umefungwa na vita upande wa chini ukaanza kufunguka kidogo kidogo. Pirogi, yaani mitumbwi, zikavuka Yanonge, zikaendelea mbele.

Siku moja akatua bandarini muuguzi kutoka Barumbu, mbali chini ya mto, Maman Odette. Alikuja boharini, akakaa juu ya gunia lake uani, akasema hataondoka. Alikuwa ameagiza kwinini kwa redio, tena na tena. Mpokea redio akaapa ameingiza kila agizo kwenye kompyuta ya kweli. Lakini kila Jumatatu, Barumbu hapakuwa na kitu.

Tulipomwuliza kama ana hakika aliagiza, alijibu bila kupandisha sauti:

"Papa, mimi nimezika batoto. Munafikiri naweza sahau kama niliomba dawa?"

Tukamletea maji, naye akabaki uani.

Papa Anselme akaniita ofisini. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: maagizo yanaingia katikati ya wiki, yapo mpaka Ijumaa, Jumatatu hayapo. Katikati yake kuna Jumamosi, mtu mmoja na mlango uliofungwa. Akasema huyu ametumwa na wale wa upande wa pili, watu wa mtoni wakose dawa, wauchukie utawala wa huku. Jumatatu atamkabidhi kwa watu wa usalama.

Wakuu, miaka ile kukabidhiwa kwa watu wa usalama hakukuwa kuitwa kutoa maelezo. Kuna waliokabidhiwa kwa jambo dogo kuliko hilo, na familia zao hazikurudishiwa hata viatu.

Na mimi, mwanafalsafa? Nilimwamini Papa Anselme. Nilikumbuka jinsi Kasereka alivyokunywa chai peke yake. Nilikumbuka hata alivyokuwa anacheka, nikaona kicheko kile kina mpango. Ukishamshuku mtu, hata kupiga chafya kwake kunakuwa ushahidi.

Ila nilitaka kumkamata kisomi. Nikapendekeza mtego.

Jumamosi ile Kasereka alikuwa na kilio mtaani Mangobo, baba mkwe wa binamu yake amefariki. Tukampa ruhusa kwa moyo mkunjufu wa kutia shaka. Agizo la Maman Odette lilikuwa ndani ya kompyuta ya kweli, tumeliona kwa macho. Kazi ya Kasereka nitaifanya mimi, Papa Anselme akiwa shahidi nyuma yangu. Agizo likibaki, mwizi amejulikana.

Nikaweka programu mpya. Nikafanya jaribio la mwisho kama desturi: unaingiza agizo la uongo lililo tayari kwenye diskette, unaona kama linachapwa. Likachapwa. Nikafagia, yaani nikafuta la uongo kwa amri tuliyoiita fagio, ili Jumatatu lisipakiwe.

Nikatafuta agizo la Maman Odette.

Halipo.

Chumbani tulikuwa wawili, na mikono iliyogusa mashine ilikuwa yangu.

Papa Anselme aliinama juu ya bega langu, akatafuta mwenyewe. Kisha akasema, "Licencié, sasa nikabidhi weye, ao namna gani?"

Jasho lilinifundisha falsafa kuliko chuo. Nikarudisha nakala ya data ya asubuhi, nikaanza upya, safari hii nikitazama baada ya kila hatua. Baada ya programu mpya, agizo lipo. Baada ya jaribio, lipo. Baada ya kufagia, halipo.

Ndipo nikalitazama lile fagio.

Zamani majaribio tuliyafanya kwa jina la kituo cha Ubundu, na siku moja tukapeleka Ubundu magodoro ambayo hakuna aliyeyaomba. Hayakurudi. Baada ya hapo tukakubaliana sote, kwenye mkutano na soda, kwamba jaribio litaandikwa kwa jina la mahali ambapo hakuna kitu kinachoweza kufika. Mto ulikuwa umefungwa. Tukachagua Barumbu. Na fagio likaandikwa: futa kila agizo la Barumbu; nasi tukalisahau.

Mto ulifunguka. Fagio halikuambiwa.

Nikatoka uani kumweleza Maman Odette. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu:

"Kwa hiyo kwenu huku, Barumbu haina batu?"

Alipakiwa dawa zake siku ileile.

Jumatatu Kasereka alirudi, nikamwambia yote, na mtego pia. Nilidhani atakasirika. Alikaa, akauliza kwa nini nilidhani alikuwa anafunga mlango. Moshi wa jenereta, alisema, unakula diskette. Kisha akaniita kama tunavyoita kaka mkubwa, akasema:

"Grand, na kama yule mzee wa Mangobo hakukufa?"

Kama hakungekuwa na kilio, angefagia yeye, na Jumatatu hiyo angekabidhiwa.

Tangu hapo jaribio tuliliandika kwa jina la kubuni ambalo halimo kwenye ramani yoyote. Papa Anselme alilikubali kwa shingo upande, na kwa miezi aliendelea kuwauliza wasafiri kama kweli hakuna mtu anayeishi huko.

Nilichojifunza: kabla hujamtafuta msaliti, tazama ni nani mliyekubaliana kwamba hayupo.

Nyinyi mnaohamisha programu leo, fagio lenu linafagia nani? Semeni hapa chini, na mkinishuku mimi pia, nimeshazoea.